Kuonja bia za chupa ukiwa Mtwara: punguza baridi, ficha lebo

Mteja akikaa kwenye grosari yangu huku Chikongola na kutaja bia yake, swali langu ni moja: "Ya moto au ya baridi?" Kwa joto letu hili jibu nalo ni moja, baridi, tena ile iliyolala chini kabisa ya friza. Sina ugomvi na hilo. Mtu ametoka kupakia korosho bandarini au ametoka Feri na samaki, anataka kukata kiu. Ila anayetaka kuijua bia, ajue kwa nini hii huimaliza na ile huiacha nusu chupa, ana mambo mawili ya kukubali ambayo wateja wangu wengi hawayapendi: bia ipunguzwe baridi na lebo ifichwe. Mimi nakaa upande wa pili wa kaunta, nawaona. Wanabishania rangi ya lebo huku wakidhani wanabishania bia.

Tafuteni watu wanne. Chupa kubwa ya mililita 500 ikigawanywa kwa wanne, kila mmoja anapata 125, inatosha kunusa, kuonja mara tatu na kurudia. Bia tano tofauti zinakuwa mililita 625 kwa mtu, yaani bia moja na robo, na nyumbani unafika kwa miguu yako. Zaidi ya tano msifanye. Ulimi unachoka na ubishi unapanda. Mjamzito, au mwenye bodaboda ya kuendesha usiku huo, apewe kazi ya kumimina na kuandika, maana mtu wa kazi hiyo mtamhitaji kweli. Aliye chini ya miaka 18 hahusiki kabisa.

Bia zenyewe chagueni zinazoachana. Kuanza siku ya kwanza na Safari, Kilimanjaro, Castle Lager na Tusker kwa pamoja ni kujitafutia kazi: zote ni laga za rangi ya dhahabu, na tofauti zake ni ndogo kuliko kelele za mashabiki wake. Mimi huwapangia watu hivi. Moja iwe nyepesi, Castle Lite au Serengeti Lite. Ya pili laga ya kawaida, Safari au Kilimanjaro. Ya tatu iwe ya kimea kitupu, yaani isiyoongezwa mahindi, mchele wala sukari, mfano Heineken au Windhoek. Halafu stauti mbili, zile bia nyeusi, Castle Milk Stout na Guinness. Msimu wa korosho, pesa za mnada zikishashuka Newala na Tandahimba, friji za mjini hujaa chupa ambazo mwezi Juni huzioni, kwa hiyo Novemba ndiyo ya kupanua meza. Na mtu akivuka kutoka Msumbiji na Laurentina Preta kwenye begi, mbembeleze akuachie moja. Ni nyeusi lakini ni laga, na faida yake utaiona hapo chini.

Kilichomo kwenye chupa

Bia ni maji, nafaka, hopsi na hamira. Shayiri huloweshwa mpaka ichipue kidogo, kisha hukaushwa. Hicho ndicho kimea. Kimea kinatoa sukari, hamira inaila na kuacha kilevi na gesi. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, kazi yake kutia uchungu na harufu na kuisaidia bia isiharibike upesi. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria, Ujerumani, waliweka sheria kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji basi. Hamira hawakuitaja, ilikuwa inafanya kazi bila wao kuijua. Windhoek ya Namibia mpaka leo inajivunia sheria hiyo. Laga nyingine nyingi duniani huongezwa mahindi, mchele au sukari, na wala si wizi: bia inakuwa nyepesi mdomoni na inanyweka kwenye joto. Geuza chupa usome viambato kwenye lebo ya nyuma kabla hujaificha. Hiyo ndiyo tofauti utakayoitafuta kati ya glasi ya pili na ya tatu.

Karibu kila chupa ninayouza ni laga, maana yake hamira yake hufanya kazi kwenye ubaridi, nyuzi 8 hadi 12 hivi, taratibu, kisha bia hulazwa kwenye baridi muda mrefu ikatulia. Ndiyo sababu laga haina harufu nyingi za matunda. Stauti kwa asili yake huchachushwa kwenye joto la nyuzi 15 mpaka zaidi ya 20, na hamira ya huko ina mambo mengi puani. Hata rangi hii ya dhahabu tunayoiona ndiyo bia yenyewe si ya kale sana: ilianza kupata jina mwaka 1842, pale Josef Groll alipopika laga ya kung'aa katika mji wa Plzeň, ambao leo uko Jamhuri ya Czech. Pilsna zote zimechukua jina hapo.

Sasa habari ya weusi, maana hapa kaunta yangu imesikia mengi. Weusi unatoka kwenye nafaka iliyokaangwa kama buni, hautoki kwenye kilevi. Guinness ya bombani kule Ireland ina kilevi asilimia 4.2, chini ya Safari yetu yenye 5.5. Guinness ya chupa inayofika kwetu ni kali zaidi kwa sababu nyingine: uzao wake unarudi kwenye bia ya mwaka 1801 iliyotengenezwa kusafiri kwa meli mpaka Karibi, ikaongezwa kilevi na hopsi ili ivumilie bahari. Ukiweka Laurentina Preta pembeni yake utaonja weusi mtupu bila ule ukali. Na wale wanaoagiza stauti kwa mzazi "imuongezee damu", madini ya chuma yaliyomo ni kidogo mno. Damu ikipungua, pandeni Ligula hospitali, msije kwangu.

Jambo jingine ambalo watu hawalisomi ni namba ya kilevi. Kilimanjaro ni asilimia 4.5, Safari 5.5. Inaonekana kitu kidogo. Lakini chupa ya nusu lita ya Safari ina mililita 27.5 za kilevi, ya Kilimanjaro 22.5. Ukinywa Safari tano badala ya Kilimanjaro tano, umekunywa bia ya sita bila kuiagiza wala kuilipia. Hapo ndipo watu husema Safari "imewageuka".

Jua, lori na friza

Bia yetu haipikwi hapa. Inatoka mbali, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar, kwenye lori chini ya turubai. Joto linaizeesha bia, na bia iliyozeeka inanuka boksi lililoloa maji. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara kule Somanga, ndipo wengi waliona umuhimu wa kuangalia tarehe kwenye chupa, maana ya zamani ndiyo iliyobaki. Mkiwa mnalinganisha, chukueni zenye tarehe zinazokaribiana. Bia mpya dhidi ya bia iliyokaa stoo miezi ni mashindano ya stoo, si ya bia.

Mwanga ni mbaya zaidi kuliko joto. Hopsi zikipigwa na jua hubadilika, na harufu inayotoka ni ya kicheche, aliyewahi kumpita kicheche usiku njiani anaijua. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani na isiyo na rangi hazizuii vya kutosha. Usiniamini, jaribu: chukua chupa mbili za kijani za bia moja, moja ifunike kwa kitambaa kizito, nyingine iache juani kwa muda wa saa nzima, mchana wa Mtwara, kisha zote ziingie friji mpaka zilingane baridi. Mimina, nusa. Baada ya hapo hutanunua tena bia iliyopangwa dirishani ili ipendeze. Kuna msambazaji aliwahi kuniletea kreti za chupa za kijani zilizoshinda wazi nyuma ya gari, nikamfungulia moja anuse mwenyewe, akazirudisha bila maneno.

Glasi nayo. Glasi iliyooshwa kwenye beseni moja na sahani za chipsi ina mafuta hata kama inang'aa, na mafuta yanaua povu. Ioshe peke yake kwa sabuni, suuza sana, igeuze ikauke yenyewe bila kitambaa. Kuipima ni rahisi: ilowanishe ndani, nyunyiza chumvi. Chumvi ikishika kote sawasawa, glasi ni safi. Ikiruka sehemu, pale pana mafuta. Bia ikishamiminwa, viputo vinavyong'ang'ania ukutani mwa glasi vinakuambia jambo hilohilo. Tafuteni glasi za umbo moja, na kwa leo wekeni mirija kando, hata kama shoga yako hanywi bila mrija. Mrija unaipita pua.

Baridi. Kwenye friza langu bia inakaribia kuganda, na hapo ulimi unakufa ganzi: utamu haupo, harufu haipo, imebaki gesi inayochoma. Laga inafaa kuonjwa nyuzi 5 hadi 8, stauti 10 hadi 13. Kipimajoto si lazima. Laga ikitoka friji ikae mezani dakika kumi, stauti karibu nusu saa, kwenye kivuli. Kisha fungua.

Kuonja kwenyewe

Fanyeni saa kumi jioni, kabla ya kula, njaa ikiwa kidogo. Hakuna sigara, hakuna udi, hakuna manukato ya kumkaribisha mgeni wa kuposa. Mhudumu amimine kaunta mkiwa mmegeuka, aandike namba chini ya glasi kwa kalamu ya wino mzito, na orodha abaki nayo yeye. Amimine glasi ikiwa imelala kidogo, akifika katikati aisimamishe bia idondoke moja kwa moja, povu lipande vidole viwili. Povu si hasara. Wateja wanalalamika kwamba nimewapunja, kumbe povu linabeba harufu.

Anza na macho, lakini haraka: rangi, uangavu, povu linakaa au linatoweka. Kisha pua, mapema, kwa sababu harufu nyingine huondoka ndani ya dakika moja. Zungusha glasi taratibu, nusa mara mbili fupi. Usitafute maneno makubwa. Mkate? Asali? Majani mabichi? Ndizi? Heineken, kwa mfano, ina harufu ya mbali ya ndizi mbivu kwa anayejua kuisubiri, na inatoka kwenye hamira wanayoitunza tangu 1886. Kwenye baridi kali hiyo ndizi huipati hata uape.

Ukionja, jaza mdomo nusu, ipitishe pande zote, meza. Waonja mvinyo hutema. Bia humezwa, kwa kuwa uchungu wake unajitokeza vizuri ikishapita kooni. Ukishameza funga mdomo, toa pumzi puani. Hapo ndipo bia inaposema. Asiyeamini abane pua, apige funda, kisha aachie; ataona ladha inaingia ghafla pale anapoachia. Jiulize mambo machache: utamu ulikuja kabla au baada ya uchungu? Uchungu umekatika mara moja au umebaki? Mdomoni ni nyepesi karibu na maji, au ina uzito? Gesi ni ya kuchoma au ya kutekenya? Andika kila kitu kabla ya kuzungumza. Mkubwa wa meza akisema "hii ni tamu", wote mtaonja tamu. Mimi hutoa kurasa za nyuma za daftari la madeni, wala hainisumbui, wengine wanajikuta wamelipa.

Mpangilio ni kutoka nyepesi kwenda nzito: lite, laga ya kawaida, ya kimea kitupu, milk stout, Guinness mwisho. Milk stout hutiwa sukari ya maziwa ambayo hamira haiwezi kuila, kwa hiyo utamu unabaki. Ukiitanguliza Guinness, utamu huo hutauonja vizuri. Katikati kunywa maji na utafune kipande cha muhogo wa kuchemsha usio na chumvi. Korosho subiri kwanza.

Mkishazoea, ingieni kwenye jaribio la glasi tatu. Hili ndilo linalonyamazisha watu. Mbili zina bia moja, ya tatu ina nyingine, na kazi yako ni kuitaja iliyo tofauti, basi. Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wangu wa siku zote, alikuwa akitangaza kwamba Safari haiwezi kumpita kwa jina la Kilimanjaro. Nikamwekea tatu zikiwa zimetoka friza.

"Mama, hii ya kushoto ndiyo Safari. Inauma."

"Una uhakika, Mwalimu?"

"Mama, mimi nimeinywa tangu chuo."

Ya kushoto ilikuwa Kilimanjaro. Fundi boti aliyekaa naye akacheka mpaka akashika meza, "Mwalimu, leo umefeli!" Mwalimu akadai arudiwe. Nikamwambia sawa, ila kaa kwanza dakika kumi. Glasi zikapungua baridi, nikazibadilisha nafasi nyuma ya kaunta, akanusa kila moja, akarudi kwenye ya katikati mara mbili. "Hii. Hii ina utamu mwishoni na inapasha koo." Ndiyo ilikuwa Safari. Utamu ule na joto lile kooni ni asilimia moja ya kilevi iliyozidi pamoja na nafaka iliyoibeba, na baridi ilikuwa imevifunika vyote.

Lakini mara moja haitoshi, na nilimwambia hivyo. Kwenye glasi tatu hata asiyejua kitu atapata mara moja kati ya tatu kwa kubahatisha. Mtu akirudiwa mara sita na akapata tano, hapo mpe heshima yake, kwa sababu bahati peke yake humfikisha hapo chini ya mara mbili katika mia. Akipata mbili kati ya sita, ni bahati tu. Ajabu yake ni kwamba fundi boti, ambaye hunywa chochote kilichopo, ana pua kuliko wote wanaokaa kwangu.

Njiani mnaweza kukutana na harufu ambazo hazitakiwi kwenye laga. Siagi, na utelezi fulani ulimini: bia ilitolewa mapema kabla hamira haijamaliza kazi. Mahindi ya kuchemsha: inatoka kwenye kimea, kidogo inavumilika, ikizidi inachosha. Tufaha bichi, dalili ya bia changa. Uchachu wa siki: hapo wadudu wameingia, chupa hiyo iacheni. Ukipata mojawapo, fungua chupa nyingine ya bia ileile yenye tarehe tofauti kabla ya kuihukumu.

Uraka msiuweke kwenye meza hii. Naupenda wakati wa mabibo, lakini ni maji ya tunda, hauna nafaka wala hopsi, na unavyobadilika kutoka asubuhi hadi jioni hauwezi kulinganishwa na kitu kilichofungwa kizibo.

Karatasi zikishasomwa na namba zikafunuliwa, ndipo chakula kije, na hapo onjeni upya mabaki ya glasi. Pweza wa kukaanga mwenye pilipili anakwenda na lite au pilsna. Gesi na wepesi vinasafisha mafuta, wakati stauti kali inachochea pilipili na kuharibu vyote. Changu wa kuchoma hupendeza na laga ya kimea kitupu, kwa ajili ya ile ladha ya ganda la mkate. Korosho zilizokaangwa zikafikia rangi ya kahawia ni za Guinness: tafuna mbili, piga funda, uone mafuta ya korosho yanavyoushusha uchungu, na ule ukaango wa nafaka unavyokutana na ukaango wa korosho. Kwa milk stout korosho ziwe za chumvi, la sivyo ni tamu juu ya tamu. Na zisiwe zile zilizovunjika zinazouzwa kwenye vifuko vya barabarani. Hizo mara nyingi zimekaa wazi, mafuta yake yameshachacha, na mtakuja kuilaumu bia.